Nilivyopona Kabla ya Kupona

Kama sasa hivi umekaa kwenye benchi la kliniki, umeshika kikopo chenye jina lako, na umeambiwa ukakohoe ndani yake nyuma ya jengo, haya nimekuandikia wewe. Sikuandikii kama daktari. Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kukimbia na makaratasi ya madereva wa malori kutoka dirisha moja hadi jingine. Jumapili nafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu, ndiyo maana hata mpakani hawaniiti Wandera, wananiita Mwalimu. Nilipougua kifua kikuu nilimeza dawa, nikaacha, nikadanganya watu, nusura niue mtu, kisha nikameza tena. Ukitaka kufuata mfano wangu, fuata ile sehemu ya kumeza.

Kikohozi kilianza wakati watu wanapanda mahindi. Kwanza nilisingizia vumbi la malori. Mvua ikanyesha, vumbi likalala, kikohozi hakikulala, nikasingizia baridi. Mke wangu Nabwire, ambaye kila siku huvuka kwenda upande wa Kenya kuuza mitumba, ndiye aliyeshtuka kwanza, kwa kuwa macho yake yamezoea kumpima mtu bila futi.

"Baba Nafula," akaniambia asubuhi moja nikivaa, "suruali hiyo ni yako ama ya ndugu yako?"

"Ni yangu. Si ulinichagulia mwenyewe?"

"Basi suruali ni ile ile. Aliyebadilishwa ni mwenye suruali."

Nilikuwa nimefunga mkanda hadi tundu la mwisho, na baada ya hilo nilikuwa nimetoboa mengine mawili kwa msumari. Hata hivyo nikamwambia nina afya njema.

Jumapili hiyo nilikuwa na somo la anguko la mwanadamu. Katika masomo yote ya darasa langu, hilo ndilo nililolifundisha vizuri kupita yote, kwa sababu dhambi za watu nilizijua kwa majina. Nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Mwaka uliotangulia kamati yangu ilimzuia jirani yangu, Mama Apio, asishiriki meza ya Bwana, kwa kosa la kupika malwa, ile pombe ya wimbi ambayo watu huizunguka na mirija mirefu. Mama Apio ni mjane wa Kipadhola mwenye sauti ya kipaza sauti. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa miti tu, kwa hiyo kila siku nilisikia dhambi yake ikitokota.

Nikawaambia wanafunzi kwamba asili ya mwanadamu imeharibika tangu Adamu, kwamba hata mtoto anayenyonya anajua kuiba sukari. Nikaongeza, kwa kidole juu, kwamba magonjwa mengi ni mshahara wa dhambi. Neno "dhambi" halikumalizika. Kikohozi kilinikamata nikainama juu ya meza, nikakohoa hadi machozi yakatoka, na nilipoondoa leso mdomoni ilikuwa na damu. Kisha mama mmoja muuza nyanya, ambaye alikuwa mwanafunzi mwenye bidii sana, akainua mkono.

"Mwalimu, na hicho kikohozi ni mshahara wa dhambi gani?"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaandika.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia nyuma, nisionekane. Mama Apio alikuwa anaanika wimbi kwenye turubai, akaniona.

"Mwalimu! Kikohozi hiyo mimi najua. Kesho wewe nakwenda kupima makohozi."

"Ni vumbi, Mama Apio."

"Vumbi haitoi mtu jasho mpaka shuka nalowa. Mke wako naanika shuka kila siku, mimi naona. Kesho. Kama hapana, mimi mwenyewe nakuja kukutoa kwa nyumba."

Kesho yake nikaenda, si kwa utii, bali kwa kuogopa kuonekana nikiburutwa na mpika pombe.

Benchi la kliniki ya kifua lilikuwa nje, barazani, madirisha yote wazi. Kila aliyekaa pale alikuwa amejificha. Mmoja alijifunika kwa kanga, mwingine kwa gazeti la wiki iliyopita, na mimi nilifungua Biblia nikaishika juu usoni, nikiomba asipite mtu wa kanisani. Mtu mmoja tu hakujificha. Alikuwa kijana mrefu, mbebaji wa magunia mpakani, mabega mapana kama mlango lakini nyama imekwisha juu yake. Jina lake Othieno.

"Karibu kanisani kwetu, Mwalimu," akasema kwa sauti ambayo hata muuza chapati wa ng'ambo ya barabara aliisikia. "Hapa sadaka ni makohozi."

Benchi zima likacheka, na kucheka kukatufanya wote tukohoe. Nikashusha Biblia. Haikuwa na maana tena kuishika.

Nesi aliitwa Amuge, mwanamke mfupi wa Kiteso asiyepoteza neno. Akanipa kikopo. Nikaenda nyuma ya jengo, nikajitahidi, nikarudi nacho. Akakitazama kwenye mwanga.

"Haya ni mate."

"Si ndiyo mliyotaka?"

"Mate unayo mengi kwa sababu unahubiri. Mimi nataka ya kifuani. Rudi, vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa."

Nilirudi mara tatu. Kama uko pale sasa, usione haya: watu wote waliokutangulia walisimama nyuma ya jengo hilo wakitazama ukuta huo huo.

Majibu yalikuwa kifua kikuu. Nesi Amuge akanieleza: miezi sita, kila siku bila kuruka, vidonge vinne asubuhi kwa miezi miwili, halafu vichache kwa miezi minne. Nikauliza bei.

"Bure."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Nimefanya nini hata nipewe bure?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza. "Umekohoa," akasema, akaendelea kuandika.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimefundisha kwamba neema ni zawadi isiyonunuliwa wala kufanyiwa kazi. Nilikuwa na mifano mitatu ya ubaoni. Hakuna hata mmoja uliokuwa mzuri kama hilo neno la Nesi Amuge, na siku hiyo sikulitambua, kwa kuwa nilikuwa nafikiria jinsi ya kupita sokoni na mfuko wa dawa bila watu kuuona.

Kisha akauliza nani atakuwa ananitazama nikimeza. Nikamwambia mke wangu huvuka mpaka kabla jua halijachomoza. Akauliza jirani ni nani. Nikataja jina kwa sauti ya chini.

"Mama Apio!" Uso wake ukang'aa. "Huyo alimaliza dawa zake bila kukosa hata siku moja. Umepata mtu."

Basi hivyo ndivyo mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alivyowekwa chini ya nidhamu. Kila asubuhi Mama Apio alipita penye mwanya wa ua, kikombe cha uji mkononi, akasimama mbele yangu.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Juu! Ulimi ya mhubiri haiwezi kukosa nguvu."

Siku ya kwanza ya dawa nilikwenda haja ndogo nikatoka chooni nikipiga kelele. Mkojo wangu ulikuwa mwekundu kama machweo. Nilijua kwamba mwisho umefika, na pia kwamba ni hukumu, maana mambo ya Misri yalianza hivyo hivyo, maji yakawa damu. Mama Apio alicheka akakaa chini kwenye nyasi.

"Ni dawa! Mimi miezi sita nimekojoa soda ya machungwa. Hata machozi nageuka rangi. Usilie kwa shati nyeupe."

Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha sana. Nilihamia chumba cha mbele, dirisha wazi hata mvua ikiingia. Nilipewa kikombe changu. Binti yetu Nafula, mwenye miaka tisa, alipimwa akakutwa hana, akapewa dawa ya kumkinga, akawa anakuja mlangoni kunionyesha kazi za shule kwa mbali. Nabwire aliuza nguo mchana kutwa, akarudi, akapika, akafua shuka zangu, na mimi nikawa nalalamika kwamba dengu hazina chumvi. Jioni moja akaweka sufuria chini.

"Mimi niliolewa na mtu mzima," akasema. "Huyu ninayemlea sasa sijui nilimzaa lini."

Nilitaka kumkumbusha kiapo cha ndoa. Kisha nikaona kwamba ni yeye aliyekuwa anakitimiza, na mimi ndiye niliyekuwa nakitaja. Nikala dengu.

Wazee wa kanisa wakaja kuniombea. Walikuwa wanne, wakakaa karibu na mlango, leso puani, kila mmoja akijifanya kwamba amependa tu kiti kile. Msemaji wao, Mzee Egesa, alikuwa rafiki yangu wa kamati. Akasafisha koo.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umetufundisha. Ugonjwa kama huu una mzizi. Tafuta moyoni."

Nikatafuta. Nikakiri kwamba niliwahi kumsema mchungaji juu ya urefu wa mahubiri yake. Wakatikisa vichwa. Nikakiri wivu juu ya gari la wakala mwenzangu. Mzee Egesa akapumua kwa kukata tamaa.

"Hizo ni ndogo ndogo, Mwalimu. Hakuna kubwa?"

Nikaona haya kwamba sina. Waliondoka wameninunia, kama wageni walioandaliwa chai bila mkate. Mama Apio, aliyekuwa amesikiliza yote penye ua, akaniuliza hao wazee, walipougua malaria mwaka jana wote wanne, walikiri nini. Kamati haikuwahi kukaa juu ya malaria.

Miezi miwili ikapita. Wimbi likaiva na mimi nikaiva nalo. Hamu ya chakula ilirudi kama mkwe asiyejua kuaga. Nilikula changu, nikala cha Nafula akitazama kwingine, nikamaliza matoke yaliyowekwa kwa ajili ya kesho. Yale matundu ya msumari kwenye mkanda nikayaacha moja baada ya jingine. Kwenye mizani ya Nesi Amuge nilikuwa napanda kama mkate wenye hamira. Kikohozi kilikwisha. Nikapewa vidonge vya awamu ya pili, nikaambiwa neno ambalo sikulisikia vizuri, nalo lilikuwa "endelea."

Sasa nafika mahali pabaya.

Kulikuwa na mkutano mkubwa wa injili Tororo, uwanjani, ule mwamba mkubwa wa mji ukiwa nyuma ya jukwaa. Kanisa letu lilikodi lori, tukaenda tukiimba. Mhubiri mgeni akauliza nani aliyetendewa na Bwana, apande atoe ushuhuda. Nakuapia, nilipanda kwa nia njema. Nilikusudia kumshukuru Mungu, kuwataja Nesi Amuge, Nabwire, na hata Mama Apio. Lakini wewe hujawahi kushika kipaza sauti chenye spika nne. Nikasema, "Nilikuwa naumwa kifua kikuu." Watu wakasema, "Ooo!" Nikasema, "Leo nimepona!" Uwanja ukalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mpiga kinanda akanipigia kinanda. Mhubiri akaniuliza, "Na dawa, mtumishi?" Kulikuwa na nafasi ya kama pumzi mbili. Nikasema, "Dawa nimezitupa!"

Siwezi kukuelezea kelele zile. Nilikuwa sijazitupa. Zilikuwa mfukoni mwa koti langu, zinanigusa ubavu.

Nimefundisha anguko la mwanadamu mara nyingi, siku zote nikimlaumu nyoka. Pale jukwaani hapakuwa na nyoka. Nilikuwa mimi, na kelele nzuri.

Baada ya kusema hivyo, ikabidi uongo uwe kweli. Nikamwambia Mama Apio kwamba kwa awamu hii ya pili Nabwire ndiye atakayenitazama. Nabwire nikamwambia kwamba Mama Apio anaendelea. Vidonge nikaviweka ofisini, kwenye droo, chini ya mihuri. Mpango ulikuwa safi. Uliendeshwa na mtu anayejua kupitisha mambo mpakani.

Ukadumu wiki nne. Katika wiki ya tatu homa za jioni zilikuwa zimerudi, nami nikasingizia vumbi la malori. Wiki ya nne, Nabwire alibaki nyumbani siku moja, akasimama penye ua.

"Mama Apio, sijakushukuru. Asante kwa kumtazama huyu mtu kila asubuhi."

"Mimi? Si ni wewe?"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nakula muhogo. Wanawake wawili wakageuka pamoja. Nimewahi kukaguliwa na maofisa wa nchi mbili, lakini macho kama yale sijayaona. Muhogo ukanikwama. Nikaanza kukohoa, na safari hii hakuna aliyeuliza kama ni vumbi.

Nabwire hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kichwani, akasema, "Twende." Tulipofika kliniki aliniambia, akitazama mbele, "Nafula analala nyumba hiyo hiyo." Hapo ndipo nilipotamani kulia, na sikujali rangi ya machozi.

Nesi Amuge alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nitapimwa upya kuona kama ugonjwa umekuwa sugu, kwamba hesabu ya miezi sita itaanza mwanzo, na kwamba nikiruka tena atanifuata mwenyewe hadi forodhani. Nikamshukuru. Nikafikiri imekwisha.

"Sasa," akasema, "Othieno yuko wapi?"

"Othieno gani?"

"Mbebaji wa magunia. Wiki tatu hajaja. Nilimpigia simu, akaniambia Mwalimu Wandera ametupa dawa akapona, naye ametupa zake. Alikusikia Tororo. Kisha simu ikazimwa."

Wale wazee wanne walikuwa wamekuja kunitafutia dhambi kubwa wakaikosa. Nilikuwa nimeipata bila msaada wao.

Kesho yake Mama Apio akasema kwao Othieno ni Nabuyoga, na yeye anajua nyumba ya shangazi yake. Tulikwenda kwa boda boda, mimi, yeye na dereva, na mvua ikatukuta njiani. Mama Apio alikaa katikati, akawa ananisemesha kwa bega.

"Utasema nini?"

"Sijui."

"Sema kweli. Ni fupi."

Othieno alikuwa amelala kwenye mkeka barazani kwa shangazi yake. Mabega yale mapana yalikuwa yamebaki mifupa. Kuniona, akajaribu kuinuka, akatabasamu.

"Mwalimu! Umekuja kuniombea. Nilijua. Nimesubiri kama wewe ulivyosubiri. Lakini yangu inachelewa. Labda imani yangu ni ndogo."

Nikapiga magoti, si kwa kuomba.

"Othieno, mimi sikupona. Nilidanganya. Siku ile dawa zilikuwa mfukoni mwangu. Nilipata nafuu kwa sababu nilikuwa nameza. Nimeacha, na nimeugua tena. Imani yako haina kosa lolote. Kosa ni langu."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Ulidanganya kwenye spika mbili?" akauliza.

"Nne."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu hadi shangazi yake akaja mbio na beseni. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena.

"Mimi nilikuwa na dawa za wiki mbili, Mwalimu. Nilizitupa kwenye choo nikiimba."

Nikalipokea beseni kwa shangazi yake, nikamshikia.

"Kayaseme hayo pale uliposemea uongo," akasema. "Ukiyasema mbele ya watu, narudi kwa nesi."

"Mkutano ule umekwisha, ndugu yangu. Mhubiri amekwenda zake."

"Basi kanisani kwako. Wote walikuwepo."

Mama Apio akaingilia kati. "Wewe nakwenda hospitali leo, hapana ngoja mtu. Huyu nasema Jumapili. Mimi nitasimama nyuma yake. Akikimbia, namshika shati."

Othieno akamtazama, akaona kwamba huyo ni mtu wa kuaminiwa. Tukampeleka Tororo siku hiyo hiyo, akalazwa. Daktari hakutuahidi kitu. Wiki mbili zilizofuata, kila simu ilipolia nilitoka nje kwanza ndipo nikapokea.

Ikaja Jumapili. Nikamwomba mchungaji dakika tano baada ya matangazo. Nikasimama, pasipo kipaza sauti kwa matakwa yangu, nikasema yote: vidonge mfukoni, droo, uongo mara mbili penye ua, na Othieno kitandani Tororo. Nikasema najua utaratibu, na kwamba nastahili kupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mchungaji akauliza kwa upole mwenyekiti wa kamati ni nani. Nikasema ni mimi.

Kisha Mzee Egesa akatoa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Sasa hiyo," akasema, "ndiyo dhambi!"

Kuna mtu alicheka kwa pua. Mzee mwenyewe akaona jinsi alivyosikika, akasimama polepole, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, na mimi si vizuri nikae. Nilitia sahihi barua ya kumzuia Mama Apio. Na malwa yake... mimi nayanywa. Kila Jumanne. Napitia kwa nyuma."

"Na Ijumaa!" sauti ikatoka mlangoni. Mama Apio alikuwa amesimama kizingitini tayari kushika shati langu. "Tena Mzee, usinyanyuke peke yako. Mirija ni mirefu, mko wengi."

Wazee wawili wakaanza kusoma Biblia zao kwa bidii, moja ikiwa kichwa chini. Mama wa kwaya akasimama kusema kwamba kanzu za kwaya zilivuka mpaka mwezi uliopita na sukari ndani. Fundi wa baiskeli akainua mkono. Mtu wa maziwa akainua mkono, na nusu ya kanisa ikageuka kumtazama, kwa kuwa maji yale tulikuwa tumeyashuku siku nyingi. Mchungaji akaona kwamba mambo haya yakiendelea tutafika Jumatatu na kanisa litabaki bila mhasibu, akanyanyua mikono yote miwili.

"Ndugu, tumekubali kwamba sisi ni wenye dhambi. Tuliimba hivyo asubuhi, sasa tumeelewa wimbo. Mtu anayestahili neema na atoke nje kwanza, sisi wengine tubaki."

Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyebaki na sababu ya kubaki pia, ila tulibaki. Mchungaji akamgeukia Mama Apio, akamwambia aingie.

"Naingia," akasema, "lakini malwa siachi, ndiyo inasomesha watoto."

"Ingia," akasema mchungaji. "Tutabishana ukiwa umekaa."

Akaingia, akakaa kando yangu, akanusa hewa, akaninong'oneza, "Leo umemeza?" Nikafungua mdomo na kuinua ulimi, palepale, wakati wa sala.

Majibu yangu yalitoka: ugonjwa haukuwa sugu. Sikustahili, na safari hii niliitambua neema ilipopita. Othieno naye aliinuka, kidogo kidogo. Siku ya kwanza aliyomaliza sahani nzima ya ugali, shangazi yake alinipigia simu akilia, mimi nikatoka nje, nikasikia, nikakaa chini kwenye gunia la mtu. Tulimeza hadi mavuno ya pili yakapita na kiangazi kikaingia. Nabwire alinisamehe taratibu, bila kutangaza. Siku ya msamaha niliitambua kwa kuwa alianza tena kunitania juu ya suruali, ambayo sasa ilikuwa inabana.

Wewe mwenye kikopo: kohoa kutoka chini, meza zote, na kama unamwamini Mungu, mshukuru kwa vidonge kwa kuvitaja. Ukiambiwa utafute dhambi iliyokuleta hapo, usihangaike. Dhambi zipo, lakini hazikai kwenye makohozi, na dawa haziulizi habari zake.

Kamati ya nidhamu nilijiuzulu. Darasa wakanirudishia, na Jumapili moja baada ya kumaliza dozi nilimkuta Othieno amekaa kiti cha mbele, daftari jipya mapajani, mabega yamerudi hadi yanamziba mtu aliyekaa nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "leo somo ni nini?"

"Dhambi."

"Yako ama yangu?"

"Yangu," nikamwambia. "Yako ngoja wiki ijayo. Leo muda hautatosha."